Uzito wa jiwe ulikwenda wapi

Mjomba wangu alikuwa mchoma chokaa. Jicho lake la kushoto halioni tangu mimi niko darasa la kwanza. Chokaa ilimrukia akiizima kwa maji, na hadi leo akiulizwa habari za jicho hilo husema alilitoa kodi. Shule ikifungwa tu, mimi nilikuwa kibarua wake. Malipo yalikuwa muhogo wa kuchoma, kitoweo cha kurudi nacho nyumbani, na ikikaribia Idi, nguo mpya. Kijiji chetu kiko pwani, kusini mwa Tanga mjini, kati ya Tongoni na Kigombe. Miaka hiyo ya themanini ukisimama ufukweni usiku usio na mwezi, uliweza kuona matanuu mawili matatu yanawaka kwa mbali, na harufu ya moshi wake ikakufuata mpaka kitandani.

Nilieleze tanuu lenyewe, maana vijana wa sasa wakisikia neno hilo wanafikiria la mikate. Halikuwa na mlango wala paa. Lilipangwa juu ya mchanga mkavu, pale maji ya bamvua, yale ya kujaa sana, yasipofika. Chini yanalazwa magogo ya minazi iliyokufa, juu yake mchu, mti wa jamii ya mikoko. Mchu haufai kwa boriti kama mkoko au mkandaa, lakini kwa moto hauna mwenzake. Magogo yanapangwa duara, vichwa vyote vinatazama katikati, kama watu wanaokula sinia moja. Katikati unaachwa mwanya wa kutilia moto. Juu ya magogo ndipo yanapopandishwa matumbawe, makubwa chini, madogo juu, mpaka rundo linampita mtu kimo. Moto ukitiwa jioni, alfajiri rundo limekaa chini, magogo yameliwa yote, na kilichobaki ni kilima cheupe kinachowaka ndani kwa ndani. Hukisogelei. Unangoja kipoe ndipo unaanza kukimwagia maji.

Matumbawe tuliyafuata kwa mtumbwi siku za maji makavu, bahari ikipwa mpaka mwamba unatoa mgongo. Mjomba alikuwa na mtaimbo aliourithi. Aliutia kwenye shina la tumbawe, akaulalia kwa tumbo, likang'oka kwa sauti ya jino. Mengi yalikuwa hai. Yana ute, yana rangi ya kahawia au ya kijanikibichi ambayo mtu wa ufukweni haijui, na ukiyalaza nje, siku ya pili yananuka kama samaki aliyesahauliwa kapuni. Sikuona ubaya. Nilikuwa najua ni mawe, na kwamba mawe yanaota baharini kama muhogo unavyoota shambani.

Kuna jiwe moja ninalolikumbuka peke yake. Lilikuwa la mviringo, mikunjo juu kama ubongo wa mbuzi, na kombe la chaza limeganda ubavuni. Nilitwishwa kichwani kutoka mtumbwini, shingo ikaniuma siku mbili. Baada ya moto kupoa nikaliona tena, jeupe kama karatasi, umbo lile lile, mikunjo ile ile. Nikajikaza kulinyanyua, nikaenda nalo kinyumenyume, karibu nianguke. Lilikuwa jepesi. Nililibeba kwa mkono mmoja.

"Mjomba, uzito wake umekwenda wapi?"

"Umekwenda na moshi. Lete debe."

Hapo mazungumzo yakaisha. Mjomba si mtu wa kuulizwa mara mbili, na kwa kweli hata mimi niliridhika.

Chokaa yetu ilijenga. Nyumba nyingi za mawe za mwambao huu zimeshikwa na chokaa ya namna hiyo, na wazee walioujenga msikiti wa Tongoni na yale makaburi ya nguzo karne nyingi zilizopita walitumia jiwe hilo na moto huo huo. Sina neno baya juu yao. Walijenga msikiti mmoja, wakazikana vizuri, wakauacha mwamba mahali pake. Sisi tulikuwa tunachoma kwa soko la mjini, kila mwezi, na mbele yetu na nyuma yetu kulikuwa na vijiji vingine vinafanya vilevile. Nimekuja kujua baadaye kwamba tumbawe la mviringo kama lile langu huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, au chini yake. Jiwe la ukubwa wa pipa lililong'olewa na mjomba kwa dakika tano lilianza kuota kabla babu yangu hajaoa.

Mwaka 1994 ulianza mpango wa kuhifadhi mwambao wa mkoa wa Tanga. Vikao vikaitishwa, tukaambiwa matumbawe ni nyumba ya samaki na kwamba kuyachoma basi. Mjomba aliondoka kikaoni kabla ya soda. Neno lake lilikuwa moja, na mpaka leo siwezi kumbishia: mwenye mtaimbo anajulikana kwa jina na nyumba yake, ndiyo maana anakamatwa yeye kwanza. Wenye kuvua kwa baruti waliendelea miaka mingi, nayo baruti ilikuwa imekatazwa kisheria tangu 1970. Asubuhi unakunywa chai unasikia kishindo kutoka upande wa mwamba, vikombe vinatikisika, mtu anasema "hao wameshaamka," mnaendelea na chai.

Tanuu la mjomba lilizimika taratibu. Mimi nikaingia uvuvi, nikawa nashusha mishipi na madema kwenye mwamba ule ule niliokuwa naubomoa.

Miezi ya mwanzo ya 1998 bahari ilikuwa na joto la ajabu. Mvua za El Niño zilikuwa zimetoka kutupiga, barabara zimekatika, na sisi tuliona joto la maji ni sehemu ya vurugu hizo hizo. Ukitia mguu saa nane mchana ni kama maji ya kuogeshea mtoto. Siku moja nikapiga mbizi kufungua dema lililonasa, nikafumbua macho, nikaona mwamba mzima umekuwa mweupe. Haukuwa weupe wa mchanga, ulikuwa ule weupe ninaoujua, wa jiwe lililotoka motoni. Nikapanda juu naona aibu kusema nilichokiona. Jioni nikamweleza mjomba. Akafikiri kidogo, akasema: "Kuna mtu ana tanuu huko chini."

Alisema kwa mzaha. Maelezo ya kitaalamu ni kwamba tumbawe ni mnyama anayejijengea jiwe, na ndani ya nyama yake vinaishi vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa digrii moja tu, kwa wiki kadhaa mfululizo, tumbawe linavitoa nje. Rangi inakwenda, linabaki jiwe tupu lenye njaa. Joto likishuka mapema huponea, likikawia hufa. Mwaka ule ilikuwa hivyo karibu Bahari ya Hindi yote, na 2016 tukayaona tena. Pale kwetu sehemu zilizokuwa nzima zilirudisha rangi kiasi. Pale tulipokuwa tumepiga mtaimbo, na pale walipopiga baruti, hapakurudi kitu. Kifusi kinabingirishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika.

Samaki wakapungua, nikahamia Tanga mjini kujifunza ufundi uashi. Nimejenga Ngamiani, nimejenga Sahare, nimejenga mpaka karibu na Raskazone nyumba ambazo mwenyewe siwezi kulala hata barazani kwake. Chokaa nikaisahau. Kazi ikawa saruji, nondo, kokoto, na mwiko.

Ukuta ndio ulionirudisha. Tajiri mmoja, simtaji, alikuwa na kiwanja ufukweni nje ya mji. Bahari ilikuwa inamla. Kila kusi ikivuma anapoteza hatua mbili za bustani. Akataka ukuta wa zege, wima, wa kuizuia bahari. Nilimpa hesabu, akakubali bila kupunguza hata shilingi, na ilibidi hapo hapo nishtuke. Tuliumaliza kwa mifuko 600 ya saruji. Nilijivunia ule ukuta. Nilipiga picha nimeuegemea.

Kusi ya mwaka uliofuata ilinifundisha. Wimbi likikuta ufuko wenye mteremko linapanda, linachoka, linaacha mchanga wake linarudi. Likikuta ukuta wima halichoki. Linagonga na kurudi na nguvu zake, na mchanga wa miguuni mwa ukuta linaondoka nao. Pale mwisho wa ukuta ndipo linapomalizia hasira. Jirani upande wa kusini alikuwa mzee mmoja mwenye minazi. Nilipokwenda kuangalia ufa mdogo nilimkuta amekaa juu ya mnazi ulioanguka, mizizi yote inatazama juu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Ukuta wako umesimama vizuri." Akapapasa gogo alilokalia. "Minazi yangu ndiyo iliyolala."

Minazi mitatu. Sikuwa na la kusema, nikaangalia baharini, na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila siku ya kazi bila kukiona: mawimbi yalikuwa yanavunjikia ufukweni. Utotoni mwangu mawimbi yalivunjikia mbali, kwenye mwamba, unaona mstari mweupe kule na huku ndani maji yametulia watoto wanaoga. Mwamba mzima wa matumbawe unaweza kuvunja zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu ya wimbi kabla halijafika nchi kavu. Ukuta tulikuwa nao tayari. Tuliubomoa, tukauchoma, tukauuza kwa debe, na sasa mtu ananilipa nimjengee mwingine, mbaya zaidi, kwa mifuko 600.

Binti yangu ndiye aliyenipa kipande kilichobaki. Wakati huo yuko kidato cha tatu, anasoma Kemia kwa Kiingereza na kunieleza mimi kwa Kiswahili ili ajue kama ameelewa. Usiku mmoja akasema, "Baba, leo tumefundishwa kazi ya babu." Mjomba wangu yeye anamwita babu. Akachora: jiwe la chokaa, moto, mshale, halafu vitu viwili. Kimoja ni chokaa. Cha pili kinapaa.

"Kinachopaa ni nini?"

"Hewa ukaa. Baba, katika kila gramu 100 za jiwe, 44 zinapaa."

Niliweka kikombe chini. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita tangu nimuulize mjomba, na jibu linatoka kwa mtoto mwenye daftari lililochanika jalada. Uzito wa jiwe langu ulikuwa umeingia hewani, na si kwa sababu ya kuni. Moshi wa kuni ni hesabu nyingine. Jiwe lenyewe lilikuwa limeshikilia ile hewa tangu lilipoota.

Sikumwamini, au tuseme nilitaka kuona. Tukaokota kipande cha tumbawe kavu ufukweni, tukakianika wiki nzima, tukakipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 500. Tukampelekea mhunzi, akakizika kwenye makaa yake, akavukuta mchana kutwa huku akitucheka. Kilipopoa tukarudi dukani. Gramu 310. Binti yangu akaudhika, hesabu yake ilitaka 280. Mwenye duka, ambaye hakuambiwa lolote, alisema tumempelekea jiwe lenye mchwa.

Kuanzia hapo jioni zangu ziliharibika, maana binti alikuwa hanyamazi. Saruji nayo, akasema, inaanza na jiwe hilo hilo la chokaa. Linasagwa, linachanganywa na udongo, linachomwa kwenye joto la digrii 1,450 hivi. Ni jamaa ya mawe ya mapango ya Amboni, ambayo nayo yalikuwa chini ya bahari miaka takriban milioni 150 iliyopita. Saruji ya dunia nzima hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na wanadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo si mafuta ya kuchomea, ni jiwe linaachia pumzi. Mfuko mmoja wa kilo 50 ni kama kilo 30 za hewa hiyo. Akachukua kikokotoo cha simu, akauliza ukuta wa yule tajiri ulikula mifuko mingapi. Tani 18. Nikamwambia akalale.

Lakini lililonikaa ni la baharini. Karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa humezwa na bahari, na ikiingia majini inayatia asidi. Maji ya juu ya bahari yameongezeka asidi kwa karibu asilimia 30 tangu enzi za viwanda zianze. Katika maji ya namna hiyo tumbawe linapata tabu kujenga, vifaa vinakuwa haba. Mimi kama fundi naielewa hivi: kila ukipanga tofali nne, mtu anapita nyuma yako anachukua moja, na siku ya malipo unaulizwa kwa nini ukuta haupandi. Kwa hiyo uzito wa jiwe langu ulipanda na moshi, ukazunguka, na sehemu yake ikarudi baharini kuwazuia ndugu zake wasiote. Mjomba hakuwa amekosea, alikuwa amenipa nusu ya safari.

Sasa hapa lazima nisimame, maana najua watu wanavyopenda kumalizia habari hizi kwa kumlaumu mvuvi. Bara zima la Afrika halifikishi asilimia 4 ya hewa ukaa inayotolewa duniani. Hewa hiyo inapimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958. Wakati huo ilikuwa kama chembe 315 katika kila milioni, siku hizi imepita 420, na katika ongezeko hilo tanuu la mjomba ni mate baharini. Joto la 1998 hatukulipika sisi. Lilipikwa kwa makaa ya mawe na mafuta, katika nchi ambazo watu wake hawajui hata mchu ni nini. Hilo nalisema popote. Ila mwamba wetu haukuvunjwa na mtu wa Ulaya. Ule mtaimbo naujua, nimeushika. Joto lilipokuja likamkuta mgonjwa ambaye tulikwishamvunja mbavu sisi wenyewe. Ni deni la watu wawili, na kila mmoja anapenda kuonyesha ukurasa wa mwenzake.

Na wala sidai nimeacha. Bado nauza nguvu zangu kwa mfuko wa saruji. Mpwa wangu amepata kazi kwenye bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba yetu. Mafuta yenyewe ni mazito, bomba lazima lipashwe moto njia nzima ndipo yatembee. Alipokuja kuniaga na viatu vyake vipya vya kazi nilimwombea dua, nikamwambia ashike swala na asichezee mshahara. Binti yangu alinitazama tu. Nilichobadilisha ni kidogo: mtu akinijia na habari ya ukuta wima ufukweni, kwanza namchukua tukamwone mzee wa minazi. Wawili wamebadili mawazo, mmoja akarudisha nyumba nyuma na kuacha mikoko iliyokuwa mbele yake. Wa tatu alitafuta fundi mwingine.

Idi iliyopita tulikwenda kijijini, mimi na binti, na lile donge letu la mhunzi kwenye kopo lililofungwa vizuri lisipate unyevu. Mjomba sasa hatoki barazani. Binti akamwamkia, akakaa miguuni pake, akamweleza yote kuanzia gramu 44 mpaka asidi ya bahari. Mzee alisikiliza kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono, akapewa donge, akalipapasa, akaligonga kwa ukucha karibu na sikio.

"Hili halikuiva," akasema. "Kati bado jiwe. Nani aliwachomea?"

"Mhunzi, babu."

"Mhunzi!" Alicheka mpaka akakohoa. Akaagiza maji. Akatufukuza mbali, mkono mmoja umelifunika lile jicho zima, akamwagia kidogo kidogo kwa kata. Donge likanyamaza, kisha likaanza kulia kama mafuta yanayotiwa kitunguu, likapasuka, likavimba, likatoa mvuke, na likaporomoka kuwa unga laini, isipokuwa kile kiini cha katikati kilichobaki kama alivyosema. Akakitoa kwa kijiti, akatuonyesha, akakitupa uani.

Ule unga akanifanya niuchanganye na mchanga, nizibe ufa wa ukutani chini ya dirisha lake. Binti yangu akasema chokaa ikikauka huvuta tena ile hewa iliyotoka kwenye jiwe, kidogo kidogo, mpaka igeuke jiwe upya. Ya kuni hairudi hivyo, hiyo inangoja mti. Mjomba akauliza inachukua muda gani. Akaambiwa ni miezi, pengine miaka, kutegemea unene wa lipu.

Nilipita tena wiki mbili zilizopita kumpelekea dawa. Nikapitisha kidole kwenye ule ufa. Bado unaacha unga.